Maji ya Mgeni

Nilirudi mjini kwetu Baraka kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa na diploma, hata watu wakaniita Diplomé, na nyumba yangu ya matofali niliijenga kwa jasho langu. Kila anayekwenda Lweba huiona. Nyumba kama hiyo haikosi wageni, na kwetu binti wa nyumba ndiye humpelekea mgeni maji ya kuoga, kwenye ua wa nyasi kule nyuma. Nilipenda watu waone adabu ya binti yangu wa miaka tisa.

Kisha akaja kukaa kwetu mwalimu wa kwaya tuliyeishi naye kambini. Binti yangu akabadilika. Akaanza kukojoa mkekani. Akawa analala na sketi ya shule, ameifunga kwa kamba kiunoni. Kila nilipomtuma na ndoo, maji yalimwagika kabla hajafika uani.

Nilimcheka mbele ya mgeni huyohuyo. "Mutoto wa diplomé anakojoa kama wa kunyonya!" Mgeni naye akacheka. Mtoto akatazama chini.

Asubuhi moja mke wangu akanishika mkono jikoni. "Baba batoto, maji ya bibi yake anabeba kila siku, hayamwangike. Ni ya ule muntu tu. Diploma yako haione?"

Nilikasirika. Nikamwita mtoto, fimbo mkononi.

"Papa, unipige tu," akasema. "Lakini usinitume tena kwake."

Nikaiweka fimbo chini na kuketi sakafuni, karibu naye. Aliyoniambia siyaandiki, ni yake. Nilimwambia namwamini, na kosa si lake.

Mke wangu alikwenda kwa polisi, nao wakamchukua mgeni. Mimi nilimpeleka mtoto hospitali. Njiani jirani akaita, "Diplomé! Munaenda wapi?"

Nilitaka kusema malaria. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto alikuwa ameniinulia macho, anasubiri kusikia baba yake atamficha kama uchafu au la.

"Muntu alimuumiza mutoto wangu," nikajibu. "Tunaenda kumutunza."

Jirani akatupisha njia. Mkono mdogo ukaubana wangu.

Siku hizi maji ya wageni nabeba mimi. Wanaume wenzangu hunitania: "Diplomé amekuwa binti ya nyumba!" Aibu bado inanichoma, ila si ya ndoo. Binti yangu husimama mlangoni, anaangalia kama nitayamwaga.