Alidhani Ni Mahindi ya Kuchoma

Nilikuwa nimekaa ndani ya shamba la maharage la mtu, mguu mmoja umenasa kwenye fremu ya baiskeli, na mtoto mgongoni anacheka kana kwamba tumeanguka ili kumfurahisha yeye. Ilikuwa saa moja na kitu jioni, kwenye mteremko wa kwetu Kanazi, wilayani Ngara. Dereva wa bodaboda aliyetuchota kwa usukani wake alikuwa amesimama katikati ya barabara juu ya pikipiki iliyo kimya, giza tupu, akaniambia kwa upole kabisa:

"Samahani dada, sikukuona."

Neno hilo nimelisikia mpaka limenitoka puani. Aliyenirushia tope msimu wa mvua: sikukuona. Aliyenikwangua kiwiko siku natoka Mabawe kwenye msiba: sikukuona. Siku hizo zote niliwaelewa, maana nilikuwa naendesha baiskeli isiyo na hata kibiriti. Lakini jioni ile nilikuwa nawaka. Taa mbele, taa nyuma, na kizibao cha rifleta kinang'aa kama altare siku ya Pasaka.

"Hukuniona?" nikamuuliza nikiwa chini hapohapo. "Nina taa mbili na rifleta. Wewe unaendesha umefumba macho?"

"Kuna kitu chekundu nilikiona," akasema.

"Ndiyo taa yangu ya nyuma hiyo!"

"Nikadhani jiko."

"Jiko gani?"

"La mahindi ya kuchoma, dada. Hapo pembeni huwa anakaa mama mmoja na mkaa wake. Nikasema ngoja nisogee ninunue moja."

Leo nikisimulia nacheka mpaka natoa machozi. Jioni ile sikucheka. Nilijichomoa kwenye baiskeli, nikampapasa mtoto kichwa, mikono, miguu, nikakuta mzima wa afya amekamata jani la maharage. Ndipo nikamgeukia huyo mteja wa mahindi.

"Na taa yako wewe iko wapi?"

"Nimezima. Si nilikuwa nateremka tu?"

Niwaeleze wasioijua milima yetu. Dereva wa bodaboda akifika juu ya mlima anazima injini ili kuokoa petroli, anaiachia pikipiki ishuke yenyewe. Injini ikizimwa, sauti inakwisha, na taa nayo inazimika. Kwa hiyo kinachokujia nyuma ni chuma kizito, kimya, cheusi, na juu yake mtu mzima anayetafuta mahindi.

"Yaani mimi nimenunua taa ili unione," nikamwambia, "na wewe umezima yako ili nisikuone. Tunacheza kombolela?"

Akasema pole. Akanyoosha usukani wangu kwa kuubana kati ya magoti yake, akaukosea, nikautengeneza mwenyewe. Hasira yangu kwa kweli haikuwa ya usukani. Nilikuwa nafikiria ninachoenda kumwambia mama mkwe.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, cheti kikaenda kulala kabatini, lakini marinda ya sketi ya shule nayakunja nikiwa nimefumba macho. Duka tunaloshonea linafungwa jua likizama, si kabla, na kutoka hapo mpaka nyumbani ni mwendo wa baiskeli. Kupanda bodaboda kila jioni ni sawa na kuwashonea madereva wake, nauli inakula ujira wote. Mtoto bado ananyonya, kwa hiyo nakwenda naye na kurudi naye, nimemfunga mbeleko mgongoni. Kazi hiyo naipenda. Naipenda kuliko jembe, na sioni aibu kuiandika.

Mama mkwe hakuwahi kuipenda safari yenyewe. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, Kiswahili chake ni kizuri tu, ila akikasirika herufi l zote zinageuka r. Siku moja nilichelewa akanisubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Utaniuria mjukuu wewe! Giza hiri, na hakuna anayekuona!"

Kisha akaweka sharti. Nitafute namna ya kuonekana barabarani. Na siku nitakayoanguka na mtoto, kazi imekwisha, narudi shambani mpaka mtoto aanze shule. Mama mkwe akisema jambo hulisema mara moja, na harudii.

Basi nikaanza kutafuta taa.

Ya kwanza ilikuwa ya dainamo, ile inayosugua tairi, tuliivua kwenye baiskeli ya zamani ya baba mkwe. Kwenye mteremko inawaka kama mchana. Ukianza kupanda mlima inafifia, na ukishuka kusukuma inakufa kabisa. Sasa Ngara hapa, nusu ya safari ni kusukuma. Taa inayowaka ukikimbia tu ni taa ya mwizi, mimi nina mtoto. Ya pili ilikuwa tochi ya kufunga kichwani. Hiyo mtoto aliipenda sana. Alikuwa anauvuta mpira wake kwa nyuma, anauachia, unanipiga kisogoni paa! anacheka. Nilifika nyumbani mara mbili taa ikiwa inamulika migomba.

Tulipokwenda Biharamulo na bosi wangu kuchukua majora ya vitambaa, nikaona mwuza spea za baiskeli, nikamwendea.

"Nataka taa," nikamwambia.

"Ya kuona mbali au karibu?"

"Sitaki kuona. Njia naijua. Nataka kuonekana."

Ee Mungu wangu. Wanaume wawili waliokuwa wamekalia matairi waliruka.

"Ohoo! Mama anataka kuonekana!"

"Na mtoto mgongoni! Anataka kuonekana na nani tena?"

"Kama ni kuonekana, shemeji, maduka ya magauni yako upande ule."

"Nataka kuonekana na lori," nikawajibu. "Ninyi mmeshaniona na sijapata faida yoyote."

Mwuzaji akacheka mpaka akaniletea kigoda. Ile ya bei ya chini ilikuwa inawaka bluu na nyekundu kwa kupokezana. Nikaikataa, watu wangekimbilia migombani wakidhani polisi. Nyingine nzuri, lakini nilipomwambia aifunge chini ya siti ya baiskeli yake kisha nikapakia jora la kitambaa kwenye keria, ikapotea kabisa nyuma ya mzigo. Hapo nikajifunza kitu ambacho hata yeye alikiri hakuwahi kukifikiria: sisi hatuendeshi baiskeli tupu. Kuna jora, kuna ndizi, kuna gunia. Taa ya nyuma lazima ikae chini, kwenye madigadi, chini ya mzigo. Nikawatuma wale wawili wa matairi waende nayo mpaka kwenye kibanda cha giza mwisho wa safu, mmoja ameishika, mwenzake ameziba mlango kwa gunia.

"Tunaonekana?" wakapiga kelele.

"Taa inaonekana! Ninyi hapana, na ni afadhali!"

Nikachukua nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, zote za kuchaji kwa sola, na kile kizibao cha rifleta.

Kuzifunga akazifunga mume wangu. Akaweka nyekundu mbele.

"Nyekundu ni hatari," akaniambia, "na hatari iko mbele."

Niliona ana hoja. Jioni ya kwanza tu, mzee mmoja wa baiskeli kutoka upande wa Keza alinijia uso kwa uso, kidogo tugongane vichwa. Alishuka akanitazama kwa mshangao mkubwa.

"Mwanangu, nilijua unaenda, kumbe unakuja!"

Tukazibadilisha usiku huohuo.

Likabaki jambo moja. Ile nyekundu ina kitufe: ukibonyeza mara moja inawaka tuli, mara ya pili inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nilikuwa naitumia ya kuwaka na kuzima. Mama mkwe alipoiona uani, akaweka chini ungo wake.

"Zima hicho kinachokonyeza."

"Mama, ndivyo inavyofanya kazi."

"Mke wa mtu hakonyezi watu barabarani. Iwake kwa adabu."

Nikaiwasha kwa adabu. Na kwa adabu hiyohiyo, imetulia, nyekundu, iko chini karibu na ardhi, ikadhaniwa mkaa.

Kwa hiyo jioni ile ya maharage nilifika nyumbani na udongo mpaka kwenye nyusi. Sikuficha. Nilimweleza mama mkwe yote mlangoni: mteremko, pikipiki, kuanguka, mtoto mzima. Alimpokea mtoto, akamkagua kidole kimoja kimoja. Akaniuliza ilikuwaje asiione taa. Nikamwambia.

"Jiko?" akasema.

"La mahindi."

Alijitahidi. Mdomo ukamcheza, akageukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika, mwishowe akakaa chini na mjukuu wake mapajani akawa anajifuta macho kwa kitenge. Mume wangu akatoka ndani kuuliza nani amekufa.

Lakini alipomaliza kucheka alisema: "Neno rangu riko parepare." Sikwenda kazini kesho yake. Nilijaribu kujitetea kwamba taa yangu haina kosa, kosa ni la pikipiki iliyozimwa. Akafikiri.

"Basi wasemee hao. Wewe si urisoma? Andika. Serikari ikikujibu, utaendesha."

Asubuhi nilikuwa ofisi ya kijiji kabla ya mtendaji mwenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ah, ndiyo wewe mama mahindi?"

Habari ilikuwa imetangulia. Kijiweni nilipopita walishaniuliza kama yameiva. Nikamwambia mtendaji sikuja kuuza chochote, nimekuja kulalamika. Akasema malalamiko ya mdomo hapokei. Nikamtolea karatasi mbili za daftari, mbele na nyuma. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akapiga kalamu sehemu moja.

"Ondoa 'wajinga'."

"Niweke nini?"

"'Baadhi ya madereva'."

"Ni walewale."

"Ni walewale, lakini barua itakwenda kata."

Nikaondoa. Na kwa kuwa mezani kulikuwa na nafasi, niliinakili upya hapohapo mara mbili, mtoto akila kona ya rejista ya mtendaji ya mahudhurio. Akagonga muhuri nakala zote mbili, akanirudishia moja. Hii hapa:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BAADHI YA MADEREVA WA BODABODA KUTEREMKA MLIMA WAKIWA WAMEZIMA INJINI NA TAA

Kichwa cha barua kinajieleza, ila nitaeleza.

Mimi ni mkazi wa kijiji hiki, mama wa mtoto mmoja, fundi cherehani. Jana jioni niligongwa na pikipiki iliyokuwa inashuka mlima ikiwa imezimwa. Sikuumia na mtoto hakuumia. Hiyo ni bahati, na bahati si utaratibu wa barabarani.

Baiskeli yangu ilikuwa na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na nilivaa rifleta. Nipo tayari kuileta ofisini ikaguliwe, hata leo. Tangu jana taa ya nyuma nimeiweka kwenye kuwaka na kuzima, kwa idhini ya mama mkwe, ili isifanane na kitu chochote cha kuliwa.

Ninaomba yafuatayo. Madereva waitwe kijiweni kwao waambiwe kwamba mlima unashukwa injini ikiwa inaunguruma na taa ikiwa inawaka. Atakayekutwa amezima, pikipiki yake ikae ofisini siku moja, kisha aisukume kurudi nyumbani kama mimi ninavyosukuma. Na wakumbushwe kwamba si kila chekundu kilichoko pembeni ya barabara kinauzwa.

Ninaomba nijibiwe kwa maandishi na si kwa mdomo, kwa sababu yupo mtu nyumbani kwetu ambaye hataniruhusu kurudi kazini mpaka aushike muhuri wa jibu lenu kwa mkono wake.