Skrini Iliyokataa Kuwaka

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ndiye fundi wa kompyuta katika duka la kanga, Biashara Street. Juzi skrini ya laptopu yangu, inayotumia mfumo wa Linux, ilififia ghafla, na vitufe vya mwangaza havikusaidia. Nikaapa sitainuka mpaka iwake.

Nikafungua dirisha la kuandikia amri, nikaagiza mwangaza upande hadi mwisho. Wapi! Nikaushusha, nikaupandisha tena, mara kadhaa. Amri zilikubaliwa zote, giza likabaki palepale.

Chumba cha pili, Bi Salma, mwenye duka, alikuwa akiwaonyesha wateja michoro mipya kwenye laptopu yake. Nikamsikia: "Subhanallah, imefifia tena!"

"Namaliza yangu nakuja, Bi Salma!" nikajibu, nikaushusha mwangaza hadi sifuri ili nianze upya.

Akaja ameibeba, nyeusi tititi, wateja nyuma yake. "Mwanangu, hebu itazame."

Ndipo nikasoma jina la kompyuta juu ya dirisha langu la amri: la laptopu yake, si yangu. Asubuhi ile nilijiunganisha nayo kwa mtandao kumtengenezea printa, nikasahau kujitoa. Amri zote zilikuwa zikienda kwake. Nikaandika mia moja mbele yao. Skrini yake ikawaka, ikanimulika usoni.

"Kumbe ni wewe!" akasema.