Ini la Baba

Binti wa fundi viatu alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, na baba yake hakuchoka kuwatambia wateja, "Wangu huyu ndiye atakayenitibu."

Asubuhi moja alipoingia wodini na wenzake kujifunza, alimkuta baba kitandani. Alikuwa amelazwa jana yake na hakumwambia mtu. Baba akamkonyeza anyamaze.

Profesa, asiyejua lolote, akamwita yeye ampime mgonjwa ini. Binti akabonyeza chini ya mbavu za baba. Ini lilikuwa gumu kama jiwe, lina vinundu tele.

"Waeleze wenzako, maana yake nini?"

Jibu alilijua. Baba alimtazama kwa fahari, akingoja kumsikia.

"Sijui, Profesa."

"Mwaka wa tatu hujui? Sifuri! Nani anajua?"

Mwenzake akajibu upesi kwamba ni saratani, tena imeshaenea.

Baba akamshika binti mkono, akasema polepole, "Kumbe ulijua, mama."

Hapo machozi yakamtoka mbele ya wote. Baba alizikwa kabla muhula haujaisha. Profesa alimwomba radhi, akataka kumrudishia alama zake. Alizikataa.