Picha ya Wifi Yangu Bila Kichwa

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anaishi Melbourne, Australia. Mimi niko Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ambako kazi yangu ni kuwanunulia watu mali na kuwasafirishia. Siku moja tulikubaliana tufanye biashara pamoja. Yeye akafungua duka mtandaoni la magauni marefu ya kike, ya kushindia nyumbani na ya kwendea shughuli. Mimi nikawa miguu yake huku. Yeye aongee na wateja, mimi niongee na wenye viwanda. Nikadhani mimi ndiye niliyeangukiwa na kazi ngumu.

Sikuwajua wateja wa mtandaoni. Mteja wa dukani anashika kitambaa, anakivuta, anakinusa, anakutazama usoni. Akiondoka karidhika au kanuna, mmemalizana. Wa mtandaoni hammalizani. Mmoja alirudisha gauni jekundu kwa sababu wekundu alioupokea haukuwa wekundu alioupenda kwenye simu yake. Mwingine alirudisha lake likinukia udi kiasi kwamba wifi alijua limeshakwenda harusini na kurudi. Wa tatu alitupa nyota moja kati ya tano, na chini yake akaandika: gauni zuri sana, ila aliyeleta mzigo hakunisalimu.

Wifi alikuwa akinisomea maneno hayo kwa simu wakati nikila mchana. Tulicheka mpaka wenye mgahawa wakageuka kunitazama. Baada ya miezi akawa anasoma tu, hatucheki, tunaguna.

Kisha likaja gauni la kijani.

Hilo tulilibuni wenyewe, kama kubuni ni kuchukua gauni la mtu na kulisumbua. Nililipata Shisanhang, kwenye soko la jumla la nguo, kwa mama mmoja wa Kichina ambaye nimenunua kwake muda mrefu na ambaye namwita bosi. Wifi akasema mikono mifupi, wateja wake hawatavaa. Akasema pia liwekwe mfuko ubavuni, mpana, wa kutosha simu, maana wanawake wanaopika na kuongea na simu hawana pa kuiweka. Bosi alikunja uso, akapigia kiwanda, wakashona. Gauni likafika Melbourne. Wifi akalivaa, akasimama uani kwake mbele ya ule mti wa chuma wa kuanikia nguo unaozunguka, uliotanuka kama mwavuli, kaka yangu akampiga picha.

Likauzika. Waliosifia, walisifia mfuko.

Nilikuwa mgahawani Xiaobei, wali ndio kwanza umewekwa mezani, simu yake ilipoingia.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa."

"Fungua nilichokutumia."

Nikafungua. Lilikuwa duka jingine, kwenye mtandao uleule tunaouzia sisi, linauza gauni la kijani kwa bei ambayo sisi hata tungeuza kwa hasara tusingeifikia. Kwenye picha, mwanamke amelivaa, mkono mmoja mfukoni. Picha imekatwa shingoni. Nyuma yake kuna mwavuli wa chuma wenye vibanio vya nguo.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi," akasema. "Wamenikata kichwa."

Aliyempelekea ile picha alikuwa mteja wake, mama mtu mzima wa Mombasa anayeishi hukohuko Melbourne. Alikuwa ameandika kwa hasira: kumbe wewe unachukua vitu vya wenzio na kutuuzia ghali, na sisi tunakuona mwenzetu.

Wifi akashtaki kwa wenye mtandao. Jibu likaja upesi, upesi kuliko binadamu anavyoweza kusoma. Likamshukuru. Siku chache baadaye gauni letu la kijani likaondolewa dukani kwetu. Lile duka jingine nalo lilikuwa limeshtaki, na kwa namna ambayo mpaka leo hatujaielewa, picha ilihesabiwa kuwa ni yao.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimejiiba," wifi akaniambia.

Akaanza kuandikiana na ile mashine ya huduma kwa wateja. Ilimpa sababu za kuchagua: mzigo umechelewa, mzigo umeharibika, nimesahau nywila. Hapakuwa na mahali pa kusema: huyu pichani ni mimi. Akachagua iliyo karibu, akapelekwa kwenye maswali mengine, akaambiwa athibitishe. Akatuma picha nzima, yenye kichwa chake. Akatuma na picha ya mkono wake wa kulia, penye kovu alilolipata na mafuta ya maandazi alipokuwa msichana, kovu lilelile linaloonekana kifundoni mwa mkono ulioingia mfukoni. Kaka yangu akapiga simu, akasikilizishwa muziki mpaka betri ikamwishia. Mwisho likaja jibu: tunakushukuru kwa uvumilivu wako, shauri lako limefungwa, tafadhali tupe nyota kwa huduma uliyopata.

Mimi nikaenda Shisanhang. Ndani ya treni nilikuwa nikipanga maneno yangu ya Kichina, maana ugomvi kwa lugha ya watu unataka maandalizi. Soko lilikuwa katikati ya vurumai yake ya asubuhi, mifuko myeusi ya nguo inaburutwa njiani na wenye mikokoteni wanapiga kelele upishe. Juu ya kibanda cha bosi kulikuwa na kile kibao chake cha kamera iliyopigwa mstari mwekundu, kwamba hapa hakuna kupiga picha.

Nikamwonyesha simu. "Bosi, hili gauni umemuuzia nani?"

Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu. "Mimi sikuuza. Kiwanda kimeuza."

"Kiwanda chako."

"Si changu. Kinanishonea mimi, kinamshonea yule, kinamshonea yeyote. Mfuko wenu wameupenda." Akavua miwani. "Rafiki, subiri."

Akatoa simu yake na yeye. Akanionyesha blauzi yake ya mikunjo, ambayo alikuwa ameitundika wiki iliyotangulia. Halafu akanielekeza kidole kwenye kibanda cha ng'ambo ya njia, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Blauzi ileile ilikuwa inaning'inia pale, na mwenyewe anatutazama bila haya. Bosi akasema watu wanakuja wakijifanya wanunuzi, hawapigi picha, wanaibeba kichwani, na jioni imeshakatwa na kushonwa.

"Mei banfa," akasema. Yaani hakuna jinsi. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mjini humu, mengi yakiwa ya kunifukuza. Siku ile hayakuwa hivyo. Akavuta kigoda alichokuwa amekalia yeye, akanipa mimi. Nikakaa. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakawa hayana kazi. Nilijisikia nimechoka kama mtu aliyetoka safari, nami nilikuwa nimetoka vituo vichache tu.

Nikampigia wifi nikiwa ngazini.

"Sasa?" akauliza.

"Hakuna sasa, wifi."

"Gauni haliniumizi kichwa," akasema. "Kinachoniuma ni yule mama. Nimemwambia ni mimi pichani. Amenijibu nithibitishe. Na yeye pia!"

Jumapili yake akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Akavaa gauni la kijani, akapanda treni, akaenda kwa yule mama. Alinisimulia mwenyewe.

"Nikabisha hodi. Akafungua. Nikamwambia, shikamoo mama, mimi ndiye wa picha. Akanitazama toka chini mpaka juu. Nikatia mkono mfukoni, nikasimama kama nilivyosimama siku ile, nikamwonyesha kovu. Wifi, yule mama alicheka akashika mlango! Akasema, kumbe una na kichwa! Akaniingiza ndani, akanipa chai na mahamri, akaniomba radhi."

Kwa sauti yake nilijua alikuwa amelia pia.

Shauri letu halikufunguliwa tena. Gauni la kijani halikurudishwa, na wiki zilivyopita wateja wa yale mengine wakapungua, mpaka wifi akalifunga duka mwenyewe. Siku hizi anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Yule mama wa Mombasa humwita kwenye shughuli za wanawake, naye hupeleka magauni machache kwenye begi. Wanayashika, wanayavuta, wanayanusa, wanagombana naye bei uso kwa uso. Anasema anachoka, lakini akilala, analala.

Mimi bado naenda Shisanhang kwa ajili yake, si mara kwa mara kama zamani. Na bado, nikiwa sina la kufanya, nafungua lile duka jingine. Wifi yangu yupo palepale, bila kichwa, anauza kuliko alivyowahi kuuza alipokuwa nacho. Majuzi mnunuzi mmoja ameuliza chini ya picha: huyu dada ana urefu gani, nijue kama litanifaa? Muuzaji amemjibu. Amekosea.