Mbavu za Bibi

Harufu ya dettol inanirudisha mji wa Ibra, nyumbani kwa ami yangu, nilipokuwa mtoto. Wanawake walikaa kwenye busati, kahawa inazunguka. Mke wa ami aliwapa wote vikombe vya kaure. Akampa bibi yangu, mama mkwe wake, cha plastiki kinachonuka dettol.

"Samahani, mama. Watu wanaogopa kifua chako."

Bibi alikiweka chini, akafungua vifungo vya kanzu. Upande wa kushoto, chini ya bega, palikuwa pamebonyea kama bonde, na kovu refu limepinda hadi mgongoni.

"Tazameni! Nilikuwa mwari, dawa za kifua kikuu hazijaja. Madaktari walinitia ganzi tu, wakanikata mbavu nasikia zinavyokatika, ili pafu lilale lipone. Nikapona. Mumeo nimemzaa baada ya hapo, nikamnyonyesha kifua hiki hiki. Mbona yeye humwogopi?"

Bibi akafunga vifungo, akampokonya mke wa ami kikombe chake cha kaure, akanywa kahawa yote, akamrudishia.

"Jaza, unywe."

Yule mwanamke alikijaza, akakishika kwa ncha za vidole. Bibi hakuondoa macho mpaka aliponywa.