Mabua ya Tulinagwe

Kule Talatala shamba la mpunga likishavunwa hutiwa moto. Asiyechoma huitwa mvivu, na mjane asiyechoma huitwa zaidi ya hapo. Tulinagwe aliitwa yote, akaendelea kutandaza mabua yake.

Hakuwa amerogwa. Alikwenda Ipinda akaona shamba la watu walioacha kuchoma, akaushika udongo wake, nao ulikuwa mweusi na wenye unyevu katikati ya kiangazi. Wa kwake, tangu mumewe Eliud afariki, ulikuwa majivu matupu na mavuno yakipungua kila mwaka. Watoto wangekula nini, sifa za usafi?

Baba mkwe wake, mzee Anyelwisye, alikasirika. Shamba lilikuwa la ukoo, na machoni pake shamba chafu halina mwenyewe. Alimtuma mkewe kusema kwamba mpunga ukifeli kwa ajili ya uchafu ule, shamba litakwenda kwa Hezroni, mdogo wa marehemu. Tena moto atautia mzee mwenyewe kabla ya mvua.

Sasa, Mnyakyusa wa rika la Anyelwisye hakutani na mke wa mwanawe. Kuonana uso kwa uso ni aibu kubwa. Miaka yote ya ndoa Tulinagwe alijificha migombani mzee apite. Safari hii alichoka kujificha. Asubuhi na mapema alibeba jembe na kiporo cha ndizi, akaenda kuketi katikati ya mabua. Mzee akaja na kiberiti, akaona kitambaa cha mkwewe, akageuka upesi. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Heshima iliyomfukuza njiani miaka yote sasa ilimlindia shamba, naye alicheka peke yake mpaka mbavu zikauma.

Mvua zikanyesha, kiberiti kikakosa kazi. Hezroni akamnyima ng'ombe wa kulimia. Tulinagwe akalima kwa jembe la mkono, viganja vikatoka malengelenge, hakumlilia mtu.

Mpunga ulipofika magotini, mvua zikakatika. Shamba la Hezroni likapasuka nyufa na mpunga wake ukawa wa njano. Wa Tulinagwe, uliofunikwa mabua miguuni, ulibaki kijani.

Siku moja akipalilia alisikia sauti. Mzee Anyelwisye alikuwa amesimama kando ya shamba, amempa mgongo, anasema na migomba, maana hakuwa na njia nyingine ya kusema naye.

"Migomba, mwambieni mwenye shamba atuachie mabua kidogo, tukafunike kwa Hezroni."

Mwenye shamba! Tulinagwe alilisikia neno hilo vizuri, akafurahi hadi macho yakamlenga machozi. Lakini viganja vyake vilikuwa bado vinauma. Akaiinamia migomba kwa adabu zote za mkwe.

"Mwambieni baba, ndaga, asante, nimesikia. Mabua hayatoki. Na yeye anayo ya kwake kila mwaka, aache kuyachoma."