Siku Nilipougua kwa Kijerumani

Tulikuwepo mimi, na mjukuu wangu muuguzi, mtoto wa binti yangu wa pili, na wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na jirani wa nyumba ya juu, anayeuza dagaa soko la Mwaloni, ambaye undugu wetu ni ukuta tu, halafu mama mchungaji na akina mama wake wa kanisani, na wawili kati yao niliwasimamia harusi. Majina yao ninayo yote, ya ubatizo na ya utani, na ya waume zao pia. Ila mjukuu kanikataza kuyaandika, anasema siku hizi watu wanashtaki. Basi nimeyaacha, na imeniuma, maana shule niliishia darasa la nne, majina ya watu ndiyo elimu yangu.

Mjukuu alikuwa anasoma Kijerumani. Si kwa mapenzi. Alikuwa amepata kazi huko Ujerumani, kwenye nyumba wanakotunzwa wazee, kwa sharti kwamba afaulu mtihani wa lugha. Nilipoambiwa nikauliza, "Hao wazee hawana wajukuu?"

"Wanao, Bibi. Wako kazini."

Wa kwangu naye alikuwa anajiandaa kwenda kazini.

Mtihani wa kuandika alifaulu. Wa kuongea ukamshinda. Alipoulizwa kitu ambacho hakukikariri, alikaa kama kuku aliyenyeshewa. Wakampa nafasi ya kurudia, na akishindwa tena kazi inakwenda kwa mwingine. Tangu hapo akasoma kama mtu anayetwanga mahindi ya jirani: waya masikioni, uso umekunjwa, chai inapoa pembeni. Nikimuuliza kama lugha yenyewe ni tamu, ananijibu, "Bibi, lugha ya kazi haina utamu. Utamu uko kwenye mshahara."

Mwalimu wake, anayemfundisha kwa simu, akamwambia maneno anayajua, kinachokosekana ni kuongea na mtu. Atafute wa kuigiza mgonjwa. Awe mzee, mkaidi, asiyetaka dawa. Mjukuu akaangaza nyumba nzima, macho yakatua kwangu. Sikuuliza kwa nini.

Basi Jumamosi mchana akatandika godoro uani, kwenye kivuli cha jiwe letu kubwa, akanilaza, akanifunika shuka jeupe mpaka kidevuni. Akavaa na sare yake ya kazini, eti ulimi nao ujue uko kazini. Mimi kazi yangu ilikuwa kuguna na kusema "nein", yaani hapana. Niliishika papo hapo. Hapana nimeisema maisha yangu yote, kubadilisha lugha si kitu.

Sasa, kwetu Mkuyuni nyumba zimepandana mlimani katikati ya mawe. Wa juu akisimama mlangoni kwake anaona mpaka mboga iliyomo kwenye sufuria ya wa chini. Jirani akatoka kuanua dagaa zake, akachungulia: bibi yuko chini, shuka jeupe, muuguzi kapiga magoti, na maneno yanayosemwa hayajawahi kusikika mtaani. Na kwetu mtu akilala mchana hatuulizi kwanza. Tunakwenda kumpa pole, ugonjwa wenyewe tutaambiwa hukohuko.

Wifi ndiye aliyetangulia.

"Wifi! Uzeeni ndiyo unaanza kudeka? Kaka yangu angekuwa hai ungelala saa hizi?"

Nikafungua kinywa nimweleze. Mjukuu akaninong'oneza, "Bibi, usiache kuumwa!"

"Nein," nikasema.

Wifi akashika mdomo. "Maskini! Hata maneno yamempotea."

Jirani akaingia na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Nyuma yake mama mchungaji na kundi lake, na sukari, na sabuni za kufulia, na wimbo umeshaanza njiani. Mjukuu akajaribu kuwaeleza. Nani anamsikiliza mtoto watu wakishaanza maombi? Mmoja akanigusa paji la uso, akatangaza, "Homa hana. Haya ni mambo mengine." Maombi yakapanda sauti.

Hapo ndipo mjukuu alipobadilika. Alisimama katikati yao na sare yake, akavuta pumzi, akaanza kuwahutubia kwa Kijerumani. Akamwonyesha mama mchungaji kiti. Akaninyooshea kidole. Akamgeukia wifi, akamweleza jambo refu kwa upole kabisa, mkono kifuani. Kila alipovuta pumzi wale akina mama wakaitikia, "Amina!" Naye akazidi. Niko naye tangu kuzaliwa, ni mtoto wa maneno machache. Siku ile aliongea mpaka jasho likamtoka, na huku anacheka.

Uji ukawa unapoa, nami uji wa ulezi siwezi kuutazama ukipoa. Nikainuka, nikaomba kikombe. Vigelegele! Tulipoeleza kwamba yalikuwa masomo, wengi walielewa, lakini mmoja mpaka leo ananitolea ushuhuda ibadani. Sukari ilibaki. Pole ikishatolewa hairudi.

Walipoondoka nikamuuliza, "Ulikuwa unasema nini?"

"Nilisema mgonjwa huyu anaficha sukari chini ya kitanda wakati daktari amemkataza."

"Na wifi yangu je?"

"Nilimwambia anaongea sana, Bibi, na wagonjwa wanahitaji kupumzika."

"Na akasema amina."

"Tena kwa nguvu."

Kumbe utamu ulikuwa hapo. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo, asiyeweza kumjibu mkubwa, alikuwa amepata lugha ya kumwambia mkubwa ukweli mbele yake, na mkubwa akashukuru. Kuanzia siku ile hakuna aliyepona. Aligombeza kuku kwa Kijerumani, akambishia jirani bei ya dagaa, mimi nikapewa mahubiri kila nilipogusa kopo la sukari. Usiku ananuna umeme ukikatika, si kwa giza, ila kwa kuwa simu itazima na mwalimu wake hajamaliza kusimulia.

Akaenda Dar es Salaam kurudia mtihani. Wakamuuliza kuhusu mgonjwa mzee anayekataa dawa. Anasema aliwaeleza habari zangu, zote, mpaka wakamwomba anyamaze muda umekwisha. Akafaulu.

Ningejua utamu ungemkolea haraka vile, ningeguna kidogo tu.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege sisi wote niliowataja. Alikuwa na furaha, hata mlinzi wa mlangoni aliagwa kwa Kijerumani. Wifi alilia, jirani alilia, mama mchungaji alianza sala akashindwa kuimaliza. Mimi, kwa ninavyokumbuka, sikulia. Aliyekuwepo siku ile na akaona vingine, anisahihishe. Sitabisha sana.